Waranti Isiyovuka Pantoni

Katika maduka ya vyombo vya umeme ya Kariakoo, neno waranti hutamkwa mapema kuliko bei. Mteja hajamaliza kusalimia, ameshaarifiwa kuwa friji ile ina waranti ya mwaka mmoja na hii ya pembeni ina ya miaka 10. Naye, kwa kuwa ametoka mbali na mfukoni ana fedha za mchango wa ndugu watatu, hulishika neno hilo kama hirizi na kuondoka nalo. Ni wachache wanaouliza lile ambalo kwa rai yangu lingepaswa kutangulia: siku ikiharibika, nani ataibeba?

Kwa sisi wa Kigamboni swali hilo lina uzito wa pekee. Friji iliyonunuliwa Kariakoo hufika Kibada, Gezaulole au Kimbiji kwa pantoni ya Magogoni, au kwa kuzunguka Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016 na ambalo gari hulipia kupita. Kuna kirikuu wa kukodi, kuna vijana wa kupakia na kushusha. Mzigo ukirudishwa dukani kwa matengenezo, gharama hizo zote hulipwa upya kwenda na kurudi. Na fundi akikosea mara ya kwanza, hulipwa tena.

Namfahamu mama mmoja wa Mji Mwema anayeuza barafu za ukwaju na maziwa ya mgando. Friji yake iliacha kugandisha mwezi wa tano tangu ainunue, akiwa bado ndani ya mwaka wa waranti. Dukani akaambiwa ailete. Akaipeleka. Baada ya wiki tatu akaelezwa kuwa kilichoisha ni gesi, na gesi haimo katika waranti. Akalipia gesi, akalipia kirikuu mara mbili, akapoteza mapato ya wiki tatu za msimu wa joto. Fundi wa mtaani angemaliza kazi ile kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, lakini alikuwa ameonywa kwamba mtu mwingine akiifungua friji, waranti imekufa. Hapakuwa na uongo wowote katika kadi aliyopewa. Kila sharti lilikuwa limeandikwa, kwa herufi ndogo na kwa lugha asiyoisoma.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya waranti yenye manufaa na waranti ya kumpamba muuzaji. Tuichukue hiyo ya miaka 10 inayobandikwa mlangoni kwa stika ya kung'aa. Mara nyingi miaka hiyo ni ya kompresa peke yake. Friji iliyobaki ina mwaka mmoja. Na hata kompresa yenyewe, ahadi huwa ni ya kutoa kifaa kipya tu, wakati ujira wa fundi, gesi ya kujazia na usafiri ni juu ya mwenye friji. Zaidi ya hayo, karibu kadi zote huondoa madhara ya umeme unaopanda na kushuka, jambo ambalo katika mitaa yetu ndilo linalounguza vyombo kuliko yote. Mwenye kununua friji bila stebilaiza amenunua waranti ambayo sababu ya kuikataa iko ukutani mwake.

Wala urefu wa miaka si jambo la kudharauliwa, ilimradi unamuuma mwenye kuuahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Hyundai, ambayo magari yake yalikuwa yakidharauliwa Marekani kwa ubovu, ilitangaza huko waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Ahadi hiyo iliuza magari, lakini pia ilikilazimisha kiwanda kutengeneza gari litakalodumu, maana kila hitilafu sasa ilikuwa inatoka mfukoni mwake. Waranti ya namna hiyo humnufaisha hata mteja asiyewahi kuidai.

Wafanyabiashara wetu wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba kwetu neno la mwisho ni lile tangazo la ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Fiqhi haikubaliani nao. Mtume (s.a.w.) alimpa mnunuzi wa mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa, ili chuchu zijae na adanganye macho, hiari ya siku tatu: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kutokana na mafundisho kama hayo mafaqihi wakajenga mlango mzima wa khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu kwa kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa muuzaji akishurutisha kwamba hahusiki na kasoro yoyote, sharti hilo humwokoa tu katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Friji si mnyama. Tangazo la ukutani, basi, halimtoi mtu katika dhima.

Lakini madhehebu hayo hayo yanambana mnunuzi pia. Akiigundua kasoro anatakiwa aidai haki yake papo hapo. Akiendelea kukitumia kitu kama kwamba hapana neno, amekiridhia. Na ikiwa kasoro mpya imezuka mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee. Kinachobaki ni kusawazisha thamani. Yule anayemwita kijana wa jirani aifungue friji kabla ya kutoa taarifa dukani hujitia katika mkasa huo kwa mikono yake.

Ugumu wa mashine ni kwamba nani atajua kasoro ilikuwamo tangu kiwandani au imezuka Kibada? Hapo ndipo waranti nzuri inapofanya kazi ambayo hiari peke yake haiifanyi: inafunga mjadala. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kwa miaka miwili, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa ilikuwamo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Kwetu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka mfanyabiashara, kwa kawaida, atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Kwa bahati mbaya, watu wengi hukata tamaa mapema, au hufika mikono mitupu.

Nasema mikono mitupu kwa sababu bila risiti hakuna dai. Iwe risiti ya EFD, si karatasi ya mkono, na iwe na jina la bidhaa yenyewe. Karatasi hizo hufifia baada ya miezi michache, hivyo ipigeni picha siku hiyo hiyo pamoja na kadi ya waranti yenye muhuri na namba iliyobandikwa nyuma ya friji. Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji kama fundi huja nyumbani ng'ambo ya maji, anayelipa nauli yake ni nani, na matengenezo huchukua siku ngapi. Akijibu, aandike nyuma ya kadi. Mzigo ulioletwa na mfanyabiashara binafsi kutoka Dubai mara nyingi haumo katika waranti ya wakala wa hapa, hata kama jina la kampuni ni lile lile. Ama waranti ya ziada inayouzwa kwa bei yake peke yake, wako wanazuoni wa zama hizi wanaoikataa kwa kuwa ina gharari na inafanana na bima ya biashara. Aulizwe shekhe kabla fedha haijatoka. Mimi ningeongeza fedha hizo kwenye stebilaiza.

Na wale wanaonunua sasa kwa ajili ya bibi harusi wa baada ya Idi, wasiiache friji ndani ya boksi hadi siku ya kumpeleka. Waiwashe wiki hii, waijaze maji, waiangalie usiku na mchana. Siku za waranti huhesabiwa kuanzia tarehe ya risiti.