Magari ya umeme na hewa ukaa katika nyanda za juu za Kigoma

Magari ya umeme ni vyombo vya usafiri vinavyoendeshwa kwa mota inayopata nguvu kutoka kwenye betri badala ya injini ya petroli au dizeli. Hayatoi moshi barabarani, lakini kiasi cha hewa ukaa yanachopunguza hutegemea jinsi umeme wa kuyachaji ulivyozalishwa. Wilaya za Kibondo, Kakonko na Kasulu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Enzi za jenereta

Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na Gridi ya Taifa. Miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, na mafuta yenyewe yalisafirishwa kwa barabara kutoka mbali. Jenereta ya namna hiyo hutoa takriban kilo 0.7 hadi 0.8 za hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme. Gari dogo la umeme linalotumia uniti 18 kwa kilomita 100 lingesababisha kilo 13 au 14 kituoni, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Gari la petroli la ukubwa huo, likitumia lita 7, hutoa kilo 16 hivi. Tofauti ni ndogo, na kwa muda mrefu ingemezwa na hewa ukaa iliyotoka kiwandani wakati wa kutengeneza betri. Kwa kweli gari hilo lingekuwa gari la dizeli lenye bomba la moshi lililohamishiwa kwenye jenereta.

Baada ya gridi

Hesabu ilibadilika gridi ilipofika Kasulu mwaka 2022. Gridi yenyewe nayo imebadilika: awali sehemu kubwa ya umeme wake ilitokana na gesi asilia, lakini tangu mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa maji. Hata hivyo maji hutegemea mvua. Ukame wa mwaka 2022 ulisababisha mgawo wa umeme nchini. Mkoani Kigoma kwenyewe kuna mradi wa umeme wa maji wa mto Malagarasi, wa megawati 49.5.

Bodaboda kwanza

Katika kata za vijijini kama Kasanda (iliyokuwa wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kuwa wilaya mwaka 2012), magari binafsi ni machache, na chombo cha kuangalia ni bodaboda. Pikipiki ya petroli hutumia lita 2 hivi kwa kilomita 100, yaani karibu kilo 5 za hewa ukaa. Ya umeme hutumia uniti 3 au 4. Mjini Kigali, nchini Rwanda, waendeshaji hubadilishana betri vituoni badala ya kusubiri zichajiwe. Huko milima ni mingi kama Kasulu, hivyo vilima si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni umbali kati ya vijiji, bei ya betri na umeme unaokatika.

Ikumbukwe pia kwamba kaya nyingi za eneo hili hupikia kuni na mkaa. Ukataji wa miti kwa ajili ya nishati na mashamba hauguswi na bodaboda za umeme, hata zikiwa nyingi kiasi gani.