Kuutetea Ubao wa Tanga

Wapo watu wenye heshima zao ambao, wakimwona kijana amesimama juu ya ubao wenye magurudumu na tanga, akipelekwa mbio na upepo ufukoni maji yanapokupwa, hutikisa vichwa wakasema, "Mtoto yule amekosa kazi." Kwa adabu yote niwezayo nasema kwamba wamekosea, tena kosa lao si dogo, maana linawanyima vijana wetu elimu isiyouzwa dukani.

Sikiliza, msomaji kijana, nikueleze chombo chenyewe. Huanza na ubao imara uliofungwa ekseli mbili chini yake. Mchangani hufaa magurudumu manene ya kujazwa upepo, kwa kuwa membamba huzama. Juu ya ubao husimama mlingoti, ambao shina lake haligongomelewi, bali hutiwa kiungo kinachopinda pande zote, ili mpandaji alielekeze tanga kwa mikono yake mwenyewe. Akitaka kugeuka huegemeza uzito wake upande mmoja. Akitaka kusimama huliachia tanga lipepee. Hapana injini, hapana mafuta, wala moshi.

"Huo ni mchezo," watajibu. Basi na tuwaulize habari za Simon Stevin, aliyezaliwa Bruges mwaka 1548. Huyu ndiye aliyeandika, mwaka 1585, kitabu cha kuwafundisha watu wa Ulaya matumizi ya desimali, zile zile zinazokusumbua darasani. Yapata mwaka 1600 bingwa huyo wa hesabu aliunda gari la matanga kwa ajili ya mtawala Maurice, likakimbia katika ufuko wa Scheveningen, Uholanzi, limejaa abiria. Je, gari lile lilimpunguzia elimu? Au ni elimu yake iliyotafuta magurudumu ikatembea?

"Mtihani hauulizi habari za matanga," watasema tena. Naam, lakini huuliza habari za kani, msuguano na mwendo, na ubao huu ndio mwalimu wake. Tanga linalosukumwa kutoka nyuma haliwezi kuupita upepo unaolisukuma. Lakini chombo kikiukata upepo kwa ubavu, tanga hufanya kazi kama bawa la ndege, na magurudumu, yakikataa kuteleza kando, hushika kazi ya mkuku wa jahazi. Hapo chombo huweza kuushinda mbio upepo wenyewe. Mwezi wa Desemba 2022, katika ziwa kavu la Gairdner, Australia, Glenn Ashby aliendesha chombo cha upepo kwa zaidi ya kilomita 220 kwa saa, hali upepo ulivuma kwa kilomita 40 hivi. Mwanafunzi aliyelihisi jambo hilo mikononi mwake hahitaji kulikariri.

"Kuna hatari," watamaliza. Sikatai. Kwa hiyo mpandaji na avae kofia ngumu, aikimbie barabara na umati, aanze na upepo mwanana, na mtu mzima awe karibu. Dawa ya hatari ni mafundisho, si marufuku.

Mimi nina deni katika jambo hili. Siku za mwanzo za ualimu wangu, katika shule moja ya pwani, wavulana watatu waliunda ubao wa tanga kwa mbao za masanduku, magurudumu ya matoroli mabovu, mwanzi na turubai kuukuu. Mara tatu ulipinduka. Mara ya nne ukakimbia. Wiki ile ile mkubwa mmoja aliamuru upasuliwe uwe kuni za jikoni, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu. Nilikuwapo. Nilijua kwamba watoto wale, walioshindwa kunieleza darasani maana ya kani, kule mchangani walikuwa wakibishana juu yake kwa usahihi. Nikanyamaza kwa woga. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza swali.

Upepo haukosekani katika nchi yetu. Pwani tuna kaskazi na kusi, zilizoendesha majahazi ya wazee wetu karne nyingi. Kaskazini, huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, zimesimikwa mashine 365 za upepo zenye uwezo wa kutoa megawati 310 za umeme. Upepo ni wetu; mashine ziliundwa na kampuni ya Denmark. Sisemi hivi kwa husuda. Wahenga walinena, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Swali langu ni moja tu: vimeundwa na nani, na mikono ya waundaji ilianza kujifunza ikiwa na umri gani?

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa hiyo, msomaji, ukipata ubao, tafuta magurudumu. Ukipata magurudumu, shona tanga. Ukianguka, inuka ujiulize sababu, kisha uiandike. Nawe mwalimu mwenzangu, siku utakapoletewa chombo kama hicho kikiwa kimepinda na kuchekesha, usikitazame kama kuni. Walioniletea mimi hawakurudi tena.