Vitafunio bora viko nje ya uwanja, tuviingize ndani

Siku ya mechi, iwe kwenye uwanja wa Concorde huko Kadutu mjini Bukavu, iwe kwenye uwanja wa Unité mjini Goma, mtoto aliyefuatana na baba yake hutaka kitu cha kutafuna. Mara nyingi anachopewa ni biskuti, bonboni, mandazi na chupa ya sukre. Je, lazima iwe hivyo?

Tuangalie hesabu. Mililita 330 za kola zina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtu mzima asipitishe gramu 50 kwa siku, na kwamba ni vema zaidi kubaki chini ya 25. Chupa moja tu imekwisha kuvuka kiasi hicho bora, kabla ya chai ya jioni. Na hii ni nchi ambamo zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Sukari hushibisha kwa saa moja, haijengi mwili.

Wengine watajibu kwamba chupa na biskuti vimefungwa, hivyo ni salama. Hoja hiyo ina uzito. Sisi wa Kivu tunakijua kipindupindu. Juisi iliyochanganywa na maji yasiyochemshwa inaweza kumlaza mtu hospitalini kesho yake.

Lakini viko vyakula ambavyo Mungu mwenyewe alivifunga: ndizi mbivu, chungwa, avoka, yai la kuchemsha, karanga za maganda, mahindi ya kuchoma. Mnunuzi humenya mwenyewe, tena palepale. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, na gramu 100 za karanga zina karibu 25. Vyote hivi vinalimwa au kufugwa hapahapa kwetu, na wamama wetu huviuza kwa mafungu madogo ambayo mwenye mfuko mwepesi anaweza kununua.

Kinachokosekana ni nafasi. Mwenye mtaji wa friji na kreti za vinywaji hupata meza ndani, mama mwenye beseni kichwani hufukuzwa mlangoni.

Kwa hiyo tunaomba wasimamizi wa viwanja wafanye mambo matatu. Wawatengee wamama hao meza chache ndani, kwa ushuru unaolingana na mtaji wao. Waweke bidoni ya maji safi na sabuni karibu na meza hizo, maana ganda halisaidii kitu kama mkono unaomenya ni mchafu. Na wakague mafuta ya mandazi, yasirudiwe mpaka yawe meusi.

Hakuna anayeomba sukre ipigwe marufuku. Tunaomba tu mzazi akifika pale mbele ya meza awe na la kuchagua. Kazi hiyo haingoji mfadhili wala sheria ya Kinshasa. Inaweza kuanza kwenye mechi ijayo.