Kasongo na Kabambare: bei ya chumvi itafutwe kwenye depo, si kwenye meza ya mama

Kila mara chumvi na sabuni zinapopanda bei katika masoko ya Kasongo na Kabambare, lawama inamwangukia mtu mmoja: mama muuza kopo. Mnunuzi anamgombeza. Mtumishi wa serikali anasimama mbele ya meza yake na kumwuliza kwa nini amepandisha. Familia iliyohama vita inamwita mwizi. Ni nani anayetembea mpaka kwenye mlango wa depo kuuliza mama huyo alinunua gunia lake kwa bei gani, na mwenzake aliyenunua mlango huo huo, asubuhi hiyo hiyo, alilipa ngapi?

Hapo ndipo bei inapoanza kuoza.

Chukua mfano wa hesabu. Mnunuzi mkubwa anapewa gunia la chumvi kwa franga 60,000. Mama anayechukua gunia moja anaambiwa alete 72,000. Chumvi ni ile ile. Tofauti ni franga 12,000. Kama gunia linatoa makopo 100, kila kopo limebeba mzigo wa franga 120 kabla mama hajapata faida yoyote ya kununulia watoto muhogo. Na kwa sababu chenji ya franga 20 haipatikani, ile 120 inageuka 150 au 200 pale mezani. Anayelipa mwishoni ni yule asiyeweza kununua gunia wala kilo: mkimbizi wa ndani anayetafuta chumvi ya siku moja. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba inamwaga kibaba cha maskini.

Wenye depo wana jibu lao tayari: barabara mbaya, vizuizi, ushuru, mafuta ya gari. Ni kweli. Barabara ya kutoka Kindu inajulikana, na ile ya kuelekea Salamabila pia. Mvua ikinyesha sana, gari linakwama na mizigo inasukumwa kwa baiskeli. Lakini magunia hayo mawili yalikuja ndani ya gari moja. Yalipita matope yale yale, yakalipiwa vizuizi vile vile. Barabara inaeleza kwa nini chumvi ni ghali kwa wote. Haielezi kwa nini ni ghali zaidi kwa mama.

Jibu la pili ni hili: anayenunua vingi apunguziwe, ndiyo biashara. Hapo kuna nusu ya ukweli. Kuuza magunia 50 kwa mtu mmoja kunaokoa muda na kazi, na punguzo linalolingana na gharama hiyo iliyookolewa ni la haki. Linalozidi hapo ni zawadi anayopewa mwenye nguvu, na mnyonge ndiye anayeilipia.

Ugomvi huu haukuzaliwa Maniema. Huko Marekani, mwaka 1936, Bunge lilipitisha sheria iitwayo Robinson-Patman, kwa sababu wenye maduka madogo walilalamika kwamba kampuni kubwa za maduka zinapewa bei ambazo wao hawazipati. Mwaka 1948 kesi moja ikafika mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na ilikuwa kesi ya chumvi. Kampuni ya Morton Salt iliuza katoni kwa dola 1.60 kwa mnunuzi mdogo, na kwa dola 1.35 kwa anayenunua katoni 50,000 kwa mwaka. Kampuni ilijitetea kwamba punguzo liko wazi kwa kila mtu. Lakini ni kampuni tano tu zilizowahi kufikia kiasi hicho. Mahakama ikakataa utetezi huo: punguzo lililo wazi kwa maneno, huku wadogo hawawezi kulifikia, si punguzo la wote.

Karibu zaidi, huko Kenya, mwezi Desemba 2023, mamlaka ya ushindani ilitangaza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 juu ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour, kwa namna ilivyotumia nguvu yake juu ya wanaoiletea bidhaa. Mmoja wa waliolalamika alikuwa muuza asali. Mdogo alisema, mkubwa akaitwa kujibu.

Wako wanaosema kwamba sheria za namna hii zinalinda wachuuzi na kumwacha mnunuzi alipe zaidi. Hoja hiyo ina uzito kwenye mji wenye maduka mengi, ambapo mnunuzi akichukia bei hapa anavuka barabara na kununua pale. Kabambare si mji wa namna hiyo. Mama akishindwa na bei ya depo, anakunja meza yake. Wa pili anamfuata. Anayebaki sokoni ni yule aliyepata bei nzuri tangu mwanzo, na siku hiyo atapanga bei peke yake. Tena, mama muuza kopo ndiye anayemjua mkimbizi kwa jina na kumkopesha chumvi mpaka alipwe kibarua cha shamba. Depo haikopeshi kopo. Soko likipoteza wamama hao, familia zilizohama zinapoteza dukani pao na benki yao kwa siku moja.

Kongo haikukosa sheria. Sheria ya kiorganiki namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 inahusu uhuru wa bei na ushindani. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza tu ya jina hilo: uhuru wa bei. Wanaisahau nusu ya pili. Sheria hiyo inakataza wafanyabiashara kupatana bei kwa siri, na inakataza mwenye kutawala soko kutumia vibaya nguvu yake juu ya wanaomtegemea. Tena inaweka Tume ya Ushindani. Lakini Kinshasa ni mbali, na mama wa Kabambare hawezi kubeba malalamiko ya gunia moja mpaka huko. Na kutawala soko hapa hakuhitaji magorofa. Kunatosha kuwa na stoki wakati barabara imekatika.

Kwa hiyo kazi ianzie hapa hapa, na si kazi ngumu. Watumishi wa uchumi katika teritware zote mbili waanze ukaguzi kwenye depo kabla ya kugusa meza ya mama. Kila depo iandike mlangoni bei ya gunia moja, ya magunia kumi na ya hamsini, ili punguzo lionekane na liulizwe. Kila anayenunua, hata gunia moja, apewe faktire. Bila faktire, mama hana ushahidi, na asiye na ushahidi ndiye anayeadhibiwa. Mashirika ya misaada yanayochagua wauzaji wa kupokea kuponi za wakimbizi yasichague wenye depo peke yao, kwa maana hivyo yanamwongezea nguvu aliye nazo tayari.

Wamama nao wana silaha yao. Wale wanaochangishana feza kila wiki katika vikundi vyao wanaweza kuchangishana gunia pia: kumi waende kwenye depo kama mnunuzi mmoja, wadai bei ya magunia kumi, wadai na faktire yake. Mwenye depo akikataa, atakuwa amejibu mwenyewe, mbele ya mashahidi kumi, kama punguzo lake lilikuwa la wingi au la urafiki.

Na siku chumvi itakapopanda tena, mnunuzi kabla ya kumtukana mama, amwulize swali moja: "Mama, gunia wamekuuzia ngapi?" Halafu jibu hilo alipeleke kwenye ofisi ya uchumi.