Aliyelipia gemu asikaguliwe kila anapoifungua

Aliyewahi kuvuka Ruhwa anajua maana ya kituo cha pamoja. Maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi mahali pamoja, karatasi zinapigwa mihuri, na msafiri anaendelea na safari yake, iwe ya kushuka Rugombo au kupanda Bugarama. Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ilitungwa kwa shabaha hiyo, mtu na mzigo wake wasisimamishwe mara mbili kwa jambo lile lile. Akishatoka hapo, hakuna afisa wa forodha anayemfuata hadi nyumbani kumwuliza kila asubuhi kama ule mchele aliununua kweli.

Mwenye gemu ya kompyuta iliyouzwa kwenye diski hufuatwa hivyo hivyo. Amenunua kasha lenye nembo, ametoa fedha zake, ameipakia gemu kwenye kompyuta. Kila kinachohitajika ili icheze kimo tayari ndani ya mashine. Hata hivyo, kila anapoifungua, programu husimama na kudai diski ya awali iwekwe tena. Isipoiona, haichezi. Diski ikipata mikwaruzo, ikivunjwa na mtoto au ikiingia vumbi, fedha zimepotea. Na kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina hata mahali pa kuingiza diski.

Hasara hii humwangukia mfanyabiashara kwanza. Mteja hurudi na kasha mkononi: "Mama, umeniuzia feki." Si feki. Ni mali halisi kabisa, na pengine huo uhalisi ndio unaoikwamisha. Mifumo kama SafeDisc na SecuROM, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, iliweka alama za siri kwenye diski, ambazo mashine ya kawaida ya kuchoma diski ilishindwa kuzinakili sawasawa. Gemu ikifunguliwa hutafuta alama hizo. Kusudi lilikuwa kumkomoa mwizi, lakini mwizi alishapata dawa yake zamani. Nakala ya wizi imeng'olewa ukaguzi huo, kwa hiyo inacheza bila diski. Anayebaki kuhangaika ni mwenye risiti.

Mwaka 2015 mambo yaliharibika zaidi. Microsoft ilitoa Windows 10 bila kuingiza kipande cha programu ambacho SafeDisc hukitegemea, na Septemba mwaka huo huo ikakizima pia katika Windows Vista, 7 na 8 kwa sababu za usalama. Sababu ilikuwa ya maana, kwani kipande hicho kilikuwa na udhaifu ambao wavamizi wangeweza kuutumia. Lakini matokeo yake ni kwamba gemu nyingi zilizouzwa kihalali zilikataa kufunguka hata diski ya awali ikiwa imewekwa, safi, bila mkwaruzo. Mlinzi aliachishwa kazi na funguo akaondoka nazo.

Watu wa Ruhwa hawahitaji kuchorewa picha. Burundi ilipofunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda Januari 2024, mwenye kitambulisho, cheti na mzigo halali alibaki upande mmoja, na mteja wake upande wa pili. Karatasi zilikuwa sawa. Lango ndilo lililofungwa, na aliyelifunga si yule aliyepokea fedha zake za bidhaa.

Je, mwenye gemu halali akitafuta faili dogo linaloruka ukaguzi wa diski, au akitengeneza taswira ya diski yake na kuihifadhi ndani ya kompyuta, ameiba? Jibu la haki ni hapana. Hakuongeza nakala sokoni. Hakumnyima mtunzi hata faranga moja. Ametumia alichokilipia.

Kampuni zenyewe zimekiri hivyo kwa vitendo. Mwaka 2008 Blizzard ilitoa masahihisho yaliyowawezesha wenye StarCraft na Diablo II kucheza bila diski. Mwaka huo huo Ubisoft iliingia aibu ambayo ingefaa kusimuliwa katika kila kikao cha sheria za hakimiliki. Wateja waliokuwa wamenunua gemu ya Rainbow Six Vegas 2 kwa njia ya intaneti walipokea masahihisho yaliyoifanya gemu ianze kudai diski. Diski hawakuwa nayo, maana hawakuwahi kuuziwa. Dawa iliyotolewa na kampuni ilipochunguzwa ilikutwa na jina la RELOADED, kundi mashuhuri la wavunja ulinzi wa gemu. Kampuni ilichukua kazi ya waliokuwa wakiitwa wezi ili kuwafungulia mlango wateja wake halali. Kama mwenye duka anaruhusiwa kupitia dirishani, aliyenunua atakatazwa kwa hoja gani?

Hoja ipo, na si nyepesi. Faili lile lile linalomsaidia mwenye diski humsaidia pia aliyepewa nakala ya bure na jirani. Watunzi wa gemu huishi kwa mauzo, na Afrika Mashariki nayo ina vijana wanaoanza kutunga za kwao. Hakuna anayetaka kuwaona wakifilisika kwa sababu ya diski za kuchoma zinazouzwa chini ya meza. Tena mafaili haya yaliyochakachuliwa hupatikana sehemu zisizoaminika, na mengi yamebeba virusi. Mwenye duka anayeyapakia kwenye kompyuta za wateja bila kujua yalikotoka anajitafutia balaa.

Lakini tofauti kati ya mwenye mali na mwizi haipotei kwa sababu wote wawili wametumia ufunguo unaofanana. Sheria inapaswa kuuliza kama mtu alilipa, na kama ameigawa nakala. Sheria za ukanda huu haziulizi hivyo waziwazi. Ya Kenya ya mwaka 2001 kuhusu hakimiliki inamruhusu mwenye programu halali kujiwekea nakala ya akiba, halafu sheria hiyo hiyo inahesabu kuvunja ulinzi wa kiufundi kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Mkono mmoja unatoa, wa pili unapokonya. Rwanda nayo ilipata sheria mpya ya mali bunifu mwaka 2024, na kila nchi mwanachama inakwenda na andiko lake. Kwa mtu anayefanya biashara huku akiwa na Burundi mbele, Rwanda nyuma na Kongo ng'ambo ya Rusizi, jambo moja linaweza kusomwa kwa namna tatu katika siku moja.

Marekani, ambayo sheria yake ya mwaka 1998 ni kali kupita nyingi katika jambo hili, iliona tatizo mapema. Mwaka 2003 mamlaka yake ya hakimiliki iliruhusu kuvuka ulinzi wa programu na gemu zilizokuwa kwenye vyombo vilivyopitwa na wakati na zilizodai diski au kifaa cha awali ndipo zifunguke. Miaka mitatu baadaye ruhusa hiyo ilibanwa, ikabaki kwa maktaba na hifadhi za kumbukumbu. Hata hivyo inaonyesha kwamba mlango mdogo unaweza kuachwa wazi bila soko zima kuporwa.

Na kuandika sheria pana mno kuna hatari ambayo Afrika Mashariki imeshaionja. Kenya ilipopitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, maneno yake yaliweza kuzikumba hata dawa halali za bei nafuu. Wagonjwa walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba tafsiri ile inahatarisha haki yao ya kupata dawa. Gemu si dawa, hakuna atakayekufa kwa kukosa StarCraft. Kosa la uandishi ndilo linalofanana, wavu unatupwa kwa papa unanasa na dagaa.

Nchi za Jumuiya zinapoendelea kuoanisha sheria zake, ziweke kifungu kimoja kinachoeleweka: mwenye nakala halali anaweza kuvuka ukaguzi wa diski kwa matumizi yake mwenyewe, na kosa libaki kwa anayenakili ili auze au agawe. Kampuni inayozima mfumo wake wa ukaguzi ilazimike kutoa masahihisho ya kuuondoa, kama Blizzard ilivyofanya kwa hiari.

Hadi hapo, anayepitisha diski hizi mpakani ajilinde. Cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, hakitamfaa, kwa sababu ni cha bidhaa za ndani ya Jumuiya, na diski hizi nyingi zinatoka mbali. Anachohitaji ni ankara ya alikonunulia na makasha yenye nembo zake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inapiga marufuku bidhaa bandia za kila aina, na afisa akikuta diski moja ya kuchoma katikati ya hamsini halisi, mzigo wote unaingia mashakani. Kwa mteja aseme ukweli kabla ya kupokea fedha: gemu hii ni ya mwaka fulani, inadai diski, na kwenye Windows mpya huenda isifunguke. Mteja akiamua kununua hata hivyo, aandikiwe risiti yenye jina la gemu na tarehe, maana siku atakayoulizwa kwa nini anacheza bila diski, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.