MTOTO SIYO DAGAA (Sehemu ya 4)

Mama wa Msamvu, nani kakwambia kichanga mwenye manjano anaanikwa juani? Jirani? Mama mkwe?

Chembe nyekundu za damu zikivunjika zinatoa rangi ya njano, bilirubini. Ini la kichanga bado changa, linachelewa kuitoa. Wengi wanapona wenyewe, kweli. Ila ikizidi inaingia kwenye ubongo: mtoto anaweza kuwa kiziwi, hata kupooza. Jua la asubuhi siyo tiba, linakulia siku tu. Hospitalini kuna taa ya bluu, inaibadili bilirubini itoke kwa choo na mkojo.

Ngozi yetu inaficha, angalia macho. Njano imeanza ndani ya saa 24? Imefika nyayoni? Hanyonyi, analala tu? Chukua bajaji sasa hivi, uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na wewe baba, usituambie habari za kusubiri Jumatatu.