Tujifunze Kiingereza: Wazazi Gani?

Juma hili tutazame fungu dogo la maneno lililompotezea jirani yangu mbuzi.

Mzee huyo alipata barua kutoka shule anakosoma mwanawe. Iliandikwa hivi: "Parents with unpaid fees must come on Monday." Kijana wa nyumbani akamsomea: "Baba, wazazi mnaitwa Jumatatu, karo haijalipwa." Mzee akauza mbuzi kwa bei ya hasara, akapanda basi alfajiri. Alipofika, karani akafungua daftari, akamwambia: "Mzee, wewe huna deni. Tuliwaita wenye deni tu."

Kosa lilikuwa wapi? Kijana aliyajua maneno yote, moja moja. Hakuona kwamba "with unpaid fees" imeshikamana na "parents", nayo yajibu swali: wazazi gani? Wale ambao hawajamaliza karo. Fungu kama hilo, lifanyalo kazi ya sifa, katika sarufi ya shuleni huitwa "adjective phrase".

Basi, mtalitambuaje? Kwanza, tafuteni jina la mtu au kitu. Pili, ulizeni: gani? wa namna gani? Fungu likijibu swali hilo, ni la sifa. "The woman in the kitchen is my aunt." Mwanamke gani? Yule aliye jikoni. Lakini tazameni hapa: "The woman cooks in the kitchen." Sasa maneno yale yale yajibu swali jingine: anapika wapi? Yamefuata kitendo, si sifa tena.

Kiswahili chetu hutusaidia sana. Tukisema "funguo za sanduku zilizo mezani", twajua funguo ndizo zilizo mezani. Tukisema "funguo za sanduku lililo mezani", ni sanduku. Kiingereza husema "the keys of the box on the table" kwa yote mawili, maana hakina *zi* wala *li* za kutuongoza. Kwa hiyo angalieni mahali pa maneno. Mara nyingi fungu la sifa hufuata jina lake papo hapo, au huja baada ya "is", kama katika "The bucket is full of water."

Haya, jaribuni: "The hen with white feathers lays eggs in the basket." Fungu la sifa ni lipi? Msisome mbele kabla ya kujibu.

Ni "with white feathers", kwa kuwa latuambia kuku gani. "In the basket" latuambia hutaga wapi.

Nanyi wazazi, mtoto akiwasomea barua, msiridhike na "inasema nini?" Mwulizeni pia: "Wanaoitwa ni akina nani hasa?" Mbuzi wa jirani yangu hakurudi, wa kwenu na abaki zizini.